Kumbe "vuta picha" sio msemo tu? Nina miaka 38 na kichwani kwangu hamna picha hata moja

Fundi Randa

Wakuu kwema? Mi ni fundi seremala, kijiwe changu kipo Nyakato hapa Mwanza, vitanda makabati milango meza za chakula, mwaka wa 14 huu. Sio mtu wa kuandika humu, huwa napita kimya kimya nacheka naondoka, ila hii imenishinda kulala nayo.

Jumamosi umeme ulikatika saa tisa kasoro, mashine zikalala, na mechi ndo ilikuwa inaanza. TV ya pale kwa Mangi ikawa urembo. Jirani yangu fundi pikipiki akatoa redio ya betri tukakusanyika watu kama nane chini ya mwembe. Sasa mi mpira wa redioni tangu utoto sijawahi kuuelewa. Marehemu mzee alikuwa anabandika redio sikioni anapiga kelele "toa huko, toa huko!" utadhani yupo jukwaani Kirumba, mi nasema moyoni mzee anaigiza. Maana mi nikisikia mtangazaji anasema anaambaa nao kulia, anampita mmoja, anampita wa pili, kwangu ni majina tu yanapita, kama mwalimu anaita mahudhurio. Nasubiri neno goli, basi.

Nikawauliza kwa utani, hivi nyie mnashangilia nini na hamuoni kitu? Fundi pikipiki akajibu bila hata kunitazama: "si tunaona". Mnaona nini? "Uwanja. Jamaa yupo kule pembeni, beki anamkimbilia." Nikajua ananizingua. Dogo wangu wa kazi, kijana wa miaka 19, akadakia, "Kwani bosi we huoni?" Nikacheka. Nikagundua nacheka peke yangu.

Mpira ulipoisha nikamvuta dogo pembeni. Huyu dogo tumegombana sana, maana mteja akija akaelezea kabati lake, dogo anakaa kimya anatazama juu kidogo, kisha anachukua futi anaanza kupiga mistari kwenye mbao, hajachora popote. Mi lazima nichore. Kila kitu nachora kwa chaki kwenye plaiwudi, mbele, ubavuni, kwa juu, na vipimo vyote, hata stuli. Nikawa namuita mzembe mbele za watu. Sasa nikamuuliza, ukitazama juu unatazama nini? "Nalitazama kabati bosi. Nalizungusha. Nikiona droo itagonga mlango naipunguza."

Analizungusha! Kabati ambalo bado ni mbao zimelala chini!

Usiku nikamgeukia mama watoto, tuna miaka 11 kwenye ndoa. Nikamwambia fumba macho, vuta picha ya papai. Akasema tayari. Unaliona? Naliona. Likoje? "Limeiva upande mmoja huku bado kijani, limepasuliwa, mbegu zinaonekana." Nikamwambia mi nimesema papai tu, habari ya kupasua na mbegu umeitoa wapi? Akasema zimekuja zenyewe. Akaniuliza we unaona nini baba Nyamizi? Nikamwambia naona kope zangu kwa ndani. Giza. Akainuka akawasha tochi ya simu akanimulika usoni kama anatafuta kitu kimeingia jichoni.

Wakuu, miaka yote hii nimejua "vuta picha" ni msemo kama "piga moyo konde", na sijawahi kuona mtu anaupiga moyo wake ngumi kweli. Papai nalijua. Naweza nikakueleza umbo, uzito, nikakadiria na bei ya sokoni leo. Ila kuliona wakati halipo, hapana. Sijawahi. Papai wala mtu wala nyumba.

Niko peke yangu? Ni ugonjwa? Wajuzi njooni.

Kijana wa Igoma

Mkuu funga mlango wa kiwanda utoke nje upate hewa, hiyo vanishi imepanda kichwani 😂😂

Mama Dagaa

We Igoma usicheke mtu. Mimi nipo Mwaloni Kirumba mwaka wa kumi na kitu nauza dagaa na sato wakavu, na nikifumba macho saa hizi nikiwa nyumbani naona meza yangu, naona yule jirani na kanga yake ya njano, naona gunia lililopasuka pembeni nikasahau kulishona, na harufu inakuja juu yake, wakati mwingine nashindwa hata kula maana nakaa na soko zima kichwani hadi usiku. Mdeni akinikimbia hata miaka mitatu sura yake ninayo, na kovu ninalo, na shati alilovaa siku anaondoka na gunia zangu mbili ninalo. Sasa we fundi nikuulize, wadeni wako unawashikaje??

Bilauri

Kuna mzee yupo Misungwi anazibua jicho la ndani, ntakupa namba PM. Hiyo mkuu umefungwa. Ndugu zako wanajua.

Fundi Randa

Bilauri hapana kaka, nguvu za kumpelekea mtu mbuzi sina.

Mama Dagaa umenigusa kwenye kidonda. Mtu nikimuona namjua, hilo halina shida, hata tukiwa tumepotezana miaka kumi. Tatizo akiondoka. Mwaka juzi alikuja mtu kijiweni akajifanya mteja, tumeongea karibu nusu saa, nimemkalisha, nimemnunulia soda, nilipoingia ndani kuchukua kalamu akaondoka na randa yangu ya umeme. Nikaenda kituoni. Askari ananiuliza yukoje? Mrefu kiasi. Mweusi au mweupe? Wa kawaida. Shati? Alikuwa na shati. Pua? Nikakwama. Askari akaniangalia akasema wewe umeongea na mtu nusu saa hujui hata ana ndevu, au randa umeuza mwenyewe? Nikatoka pale mimi ndio mtuhumiwa. Miezi minne mbele nikamuona sokoni kwa mgongo tu, nikamjua papo hapo, jinsi anavyotembea. Alikimbia lakini alikuwa yeye.

Sister wa Zamu

Fundi hauko peke yako na hujafungwa na mtu. Mimi nauguza, hili sio eneo langu hasa ila nililisoma sana baada ya kumpata mtu wa karibu yangu mwenye hali kama yako, kwa hiyo ngoja nimwage.

Hiyo hali ina jina, inaitwa afantasia. Jina ni jipya, lilitolewa mwaka 2015 na daktari wa mishipa ya fahamu anaitwa Adam Zeman wa chuo kikuu cha Exeter kule Uingereza. Fantasia ni neno la Kigiriki alilotumia Aristotle kwa ule uwezo wa kuleta taswira akilini, ile "a" ya mbele inakanusha. Alianzia kwa mzee mmoja wa miaka 65, mpima majengo mstaafu, ambaye alifanyiwa matibabu ya mishipa ya moyo na baada ya hapo akagundua picha zote kichwani zimezimika. Zamani alikuwa anapata usingizi kwa kuzipitisha sura za jamaa zake kichwani, sasa akawa hana cha kupitisha. Zeman akaandika habari zake 2010 wakimuita MX tu kumficha jina. Habari zilipoenea watu wakaanza kumtafuta daktari wanamwambia, "huyo mzee kapoteza, mimi sijawahi kuwa nazo tangu nizaliwe". Watu 21 kati yao ndio wakawa msingi wa ile ripoti ya 2015. Wengi walikuwa wamegundua ukubwani kama wewe.

Na kinachonifurahisha ni kwamba huo mshangao wako wa msemo una umri mrefu. Mwaka 1880 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliwaambia watu wakumbuke meza waliyokaa kunywa chai asubuhi, kisha waeleze picha inayowajia, mwanga wake, rangi zake. Wanasayansi wenzake kibao wakamshangaa. Walidhani habari ya kuona picha kichwani ni namna ya kusema tu. Kabla ya redio, kabla ya huo mwembe wako.

Sio ugonjwa. Akili haijapungua. Ila kwa msomaji mwingine: kama ulikuwa unaona picha na ghafla zimezimika, hasa baada ya ajali, kiharusi au matibabu fulani, hiyo nenda hospitali. Kuzaliwa hivyo ni jambo moja, kupoteza ni jingine.

Fundi Randa

Sister Mungu akubariki. Nimesoma mara tatu. Nimemsomea na mke wangu kwa sauti, amezima tochi sasa.

Bishaneni

Nakuja kuwaharibia. Hii mada haina mashiko. Nani amewahi kuingia kichwani mwa mwenzake? Fundi anasema "najua papai", mkewe anasema "naona papai", inawezekana kitu kinachotokea ni kilekile, mmoja kakuza maneno. Watu wa huku tunajua kuongeza chumvi. Muulize huyo Mama Dagaa, hilo shati la mdeni anasema analiona, mwambie ahesabu vifungo. Hawezi. Sasa kama huwezi kuhesabu vifungo unaona nini? Wazungu wamekaa wamepeana karatasi za maswali ya "unaona vizuri kiasi gani, moja mpaka tano", ndio sayansi hiyo?

Mama Dagaa

Lilikuwa fulana. Halina vifungo.

Kijana wa Igoma

😂😂😂😂 Bishaneni kalale

Sister wa Zamu

Hahaha. Ila Bishaneni hoja yake nzito, msimcheke. Hata wataalamu ndicho walichokuwa wanabishania. Hiyo karatasi ya maswali anayoisema ipo kweli, ni ya David Marks ya mwaka 1973, maswali 16, kila moja unajipa alama 1 hadi 5. Sasa mtu anaweza kujipa alama kwa mdomo tu. Ndio wakatafuta kitu ambacho mdomo hauwezi kukidanganya.

Huko Sydney Australia, timu ya Joel Pearson ilifanya hivi. Unajua mboni ya jicho inasinyaa ukimulikwa, ukitoka gizani kwenda juani. Kumbe kwa watu wengi hata ukiwaambia wafikirie tu kitu chenye mwanga mkali, hakipo mbele yao, mboni inasinyaa kidogo. Na huwezi kuisinyaza kwa kutaka. Wakawapima wenye afantasia: wakionyeshwa mwanga wenyewe mboni inafanya kazi safi kabisa, wakiambiwa waufikirie, mboni imetulia tuli. Hiyo ilitoka 2022.

Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wameweka watu kwenye chumba cha giza wanasoma hadithi ya kutisha kwenye skrini, sentensi baada ya sentensi, vitu kama kuanguka kutoka juu ya jabali, huku wanapimwa jasho la ngozi. Wenye kuona picha jasho linapanda kadiri stori inavyokolea. Wasioona, mstari umelala. Halafu wote wakaonyeshwa picha za kutisha zenyewe, hapo wote wakatoka jasho. Kwa hiyo woga wanao, ila maneno peke yake hayaufikii, yanakosa daraja la kupitia.

Fundi Randa

Ngoja ngoja ngoja. Sister hapo kwenye jasho.

Utoto wangu nimekulia Magu. Usiku tunakaa nje bibi anatupa hadithi za wachawi wanaopanda fisi, wanapita kijijini usiku wa manane fisi anameremeta macho. Wenzangu wote wanajibana, binamu yangu mmoja hawezi kwenda chooni bila kusindikizwa hadi darasa la sita. Mi nasikiliza tu naondoka naenda kulala gizani peke yangu. Nikapewa sifa mtoto jasiri, hata babu akawa anasema huyu ana moyo wa simba, na mimi nimeishi na hiyo sifa miaka yote, nimemtongozea na mke wangu hiyo sifa. Kumbe fisi alikuwa hajafika tu kwangu.

Bishaneni

Hiyo ya mboni sikuijua. Naiacha hapo kwanza. Ila nafuatilia.

Mwalimu Nansio

Habari za jioni ndugu zangu. Nawasoma kutoka Ukerewe, na leo nimeona nijitokeze maana mimi pia ni kama fundi. Niligundua miaka mitatu iliyopita, kwa aibu kidogo. Nafundisha shule ya msingi, na siku moja niliwaambia watoto waandike insha, "Siku ya soko". Binti mmoja akaniuliza, mwalimu niandike kila ninachokiona au nichague? Nikamjibu, huoni kitu, upo darasani. Darasa zima likaangua kicheko kwamba mwalimu ametania. Sikutania.

Nataka nimwambie fundi jambo moja kuhusu ile plaiwudi na chaki. Nimekua kwenye mtumbwi wa baba. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza la mwezi, taa juu ya maji, na kurudi ni usiku huohuo. Toka nina miaka 12 baba aliniachia usukani bila wasiwasi. Nilijua mwamba uko wapi, kina kinapungua wapi, kisiwa kiko upande gani wa bega langu. Ukiniambia nione ile pwani, hamna. Ukiniambia nyooshea kidole pwani ilipo, nanyoosha hata nikiwa nimefungwa kitambaa. Mahali na umbali vina mlango wao, na kwangu uko wazi kabisa. Jaribu hili: nyumba yako ina madirisha mangapi? Utahesabu na utapatia, bila kuona hata moja. Muulize mkeo, yeye ataizunguka nyumba kwa macho. Wewe umepita wapi?

Fundi Randa

Saba. Na kile kidirisha cha choo nane. Mwalimu umeniweza, nimehesabu kama napapasa ukuta gizani, kona, dirisha, kona, mlango. Sikuona lakini nilikuwepo.

Sister wa Zamu

Na hilo la mwalimu lina utafiti pia, chuo kikuu cha Chicago, 2021. Walionyesha watu picha za vyumba, jiko, sebule, kisha picha zikaondolewa, chora ulichoona. Wenye afantasia walichora vitu vichache, rangi chache, wengine badala ya kuchora kiti wanaandika neno kiti. Ila walivyovichora vilikaa mahali pake sawasawa na ukubwa wake sawasawa kama wenzao. Na walifanya makosa machache. Wale wenye picha safi wakawa wanaongeza na vitu ambavyo havikuwepo.

Mama Dagaa

Kama zile mbegu za papai

Sister wa Zamu

Haswaa mama yangu.

Na fundi usijione mdogo mbele ya dogo wako. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya katuni za kompyuta, naye haoni kitu kichwani. Glen Keane aliyechora katuni za Disney miaka na miaka, hivyo hivyo, yeye anachora mistari mpaka kitu kitokee kwenye karatasi ndio akione. Plaiwudi na chaki hiyo.

Kipusa wa Kona

Swali la kizushi. Ndoto je? Na yale mambo mengine ya usiku mume akiwa safarini, mnafanyaje nyie watu? 🙈

Fundi Randa

Hilo la pili mama watoto anasoma huu uzi kwa hiyo napita hivi.

Ndoto naota, na naona! Hii ndo inanichanganya. Usiku naona rangi, watu, nimeshaota mpaka nipo juu ya jiwe la Bismarck nauza vitanda. Nikiamka kama mtu kazima swichi, inabaki stori.

Sister wa Zamu

Ni kawaida, wengi katika wale 21 walisema wanaota picha. Picha ya ndotoni inakuja bila kuitwa, ya mchana inaitwa. Kwenu inayokataa ni ile ya kuitwa.

Kijana wa Igoma

Fundi nilikutania pale juu, samahani. Huu uzi nimeusoma wote jana nikashindwa kulala, ngoja niseme kitu.

Mshua wangu alikuwa ndani ya MV Bukoba, ile meli iliyozama ziwani 21 Mei 1996. Alitoka. Aliokuwa nao wawili hawakutoka. Mi nilikuwa sijazaliwa. Nyumbani kwetu sio mbali na makaburi ya waliozama hapa Igoma pale penye mnara, na mzee hajawahi kukanyaga pale, anazunguka njia ya mbali. Mwaka jana tulikuwa tunakula, samaki mzima mezani, akaweka kijiko chini akatoka nje. Nikamfuata. Akaniambia "imekuja". Nikauliza nini. "Picha." Anasema inakuja yenyewe, ileile, kuna mkono na kuna mlango, na haijafifia hata kidogo, miaka yote hii rangi zilezile. Sasa nyie mnasikitika hamna picha, mi nimekaa najiuliza mzee wangu angelipa shilingi ngapi awe kama nyie.

Mama Dagaa

Pole sana mwanangu. Pole kwa mzee.

Mwalimu Nansio

Pole sana kijana. Huku kwetu tuna ya MV Nyerere, kile kivuko kilichozama 2018, tumezika wengi. Mimi nilikuwepo ufukweni siku ile pale Ukara. Sina picha yake. Lakini upepo wa namna ile ukivuma mwili wangu unajua kabla yangu, mikono inakuwa baridi darasani nikiwa nimeshika chaki. Kwa hiyo sijui nikujibuje kuhusu bei.

Sister wa Zamu

Asante mwalimu kwa kusema. Kutokuwa na picha sio kinga ya machungu. Na Igoma, hiyo inayomjia mzee ikimkatisha kula na kulala, inatibika hata baada ya miaka mingi, ongea naye taratibu twende hospitali ya Bugando, nitakuelekeza PM uanzie wapi.

Bishaneni

Nimefanya yale maswali 16. Nimepata 71 kwa 80. Nimejishangaa. Kumbe nabisha na picha ninazo.

Fundi Randa

Mi nimepata 16 kwa 80. Yaani moja moja mpaka mwisho, ile ya chini kabisa ambayo ukilala usingizi unaipata. Na kichekesho maswali ya mwisho yanasema vuta picha ya mandhari yenye miti, milima na ziwa. Ziwa! Nimezaliwa nalo hapa, nikitoka kijiweni nikapanda kilima hapo juu naliona lote mpaka kule visiwani, nikigeuza kichwa limeisha.

Ila kuna jingine linanisumbua na sijalisema. Sura za watu. Mzee wangu amefariki 2019. Dada yangu anasema akifumba macho anamuona na kofia yake, na redio begani. Mi najua alikuwa na kofia. Najua ilikuwa ya kahawia, kwa sababu niliiambia akili yangu ikumbuke neno kahawia. Msibani dada aliniambia wewe huna uchungu, maana baada ya siku tatu nilirudi kazini nikapiga kazi. Nilimkasirikia sana. Sasa hivi sijui nimkasirikie nani.

Mwalimu Nansio

Usimkasirikie mtu. Kwangu mimi aliyeondoka ameondoka, siku zinakuwa nzito kwa sababu nyingine: nasikia ushauri wake nikikosea hesabu. Mwingine anaonana na marehemu kila jioni. Wote tumefiwa.

Sister wa Zamu

Fundi, kitu kimoja. Hii hali inatembea kwenye familia. Ukimpata mmoja, uwezekano wa kumpata mwingine kwa ndugu wa damu unaongezeka. Kwa ujumla sio wengi, utafiti mmoja wa 2022 ulikuta kama watu 4 katika 100 wana picha hafifu sana au hawana kabisa, na wasiokuwa nayo kabisa hawafiki hata mmoja katika mia. Dada yako anaona, sawa. Mama bado yupo?

Fundi Randa

Yupo Magu, mzima kabisa, analima. Mnadhani nimuulizeje? Huyo mama ukimwambia vuta picha atakuambia picha ya kichwani ndio nini, njoo na mkate.

Kipusa wa Kona

Nenda na mkate sasa. Tunasubiri mrejesho.

Fundi Randa

MREJESHO.

Wakuu samahani kwa kimya cha wiki mbili, nilikuwa na oda ya madawati. Jumapili nimepanda daladala mpaka Magu. Na mkate.

Nikamkuta anapanga michembe ya viazi juani. Tukasalimiana, tukakaa, nikaanza kwa mbali, nikamuuliza mayu (mama kwa Kisukuma), hivi ukifumba macho unamuona baba? Akanitazama. Akasema "kafufuka?" Nikamwambia hapana, namaanisha kichwani, sura yake. Akakaa kimya anapanga michembe, halafu akaniambia nyanda (yaani kijana), hizo ni habari za watu wanaojifanya. Mtu akifa unamjua tu alikuwa nani. Nikamuuliza na papai? Akasema papai lipo pale mtini, nenda ukaliangalie.

Wakuu nilicheka mpaka machozi. Nikamueleza yote, ya dogo, ya mke, ya mboni. Ana miaka 71 na ameishi akidhani dunia nzima ipo kama yeye. Hakushtuka kama mimi lakini. Aliwaza kidogo tu akasema, "Ndiyo maana redio ya baba yako ilikuwa inanichosha." Kumbe kila mpira ukianza mama alikuwa anaondoka kwenda jikoni, na sisi wote, na mzee mwenyewe, tulijua anaenda kupika. Miaka yote ile. Anasema mzee alikuwa anamuita "njoo, njoo uone!" na yeye anajibu kwa kelele kule jikoni, "naona moshi tu".

Baadaye tunakula akaniuliza, dada yako kweli anamuona? Nikamwambia anasema anamuona kila siku. Akasema haya. Kisha nataka kuondoka akaingia ndani akatoka na kitambulisho cha mzee, kimefifia kona zote, anakiwekaga kwenye mfuko wa nailoni na karatasi za kliniki. Akanipa, akasema kaikuze, iwe kubwa, uitengenezee na fremu ya mninga, pale ukutani mkabala na kitanda. Sio pale mlangoni wanapoona wageni, hapana, mkabala na kitanda.

Nimeipeleka studio mjini leo asubuhi. Fremu nimeanza, na safari hii dogo ndiye kachora, nimemlazimisha achore kwenye plaiwudi ili na mimi nione anachokiona.

Mama Dagaa

Mpe mama shikamoo yangu. Na kilo mbili za dagaa njoo uzichukue Mwaloni bure, meza yangu ni ile yenye, basi ukifika uliza tu.

Kijana wa Igoma

Fundi nataka kitanda tano kwa sita cha mninga, kile cha kichwa kilichokunjika kwa juu kama mawimbi halafu katikati kuna kama ua hivi, unanielewa? Bei gani?

Fundi Randa

Njoo PM mdogo wangu. Ila nitumie picha, usinielezee.